Pombe kali haimkingi dereva wa trekta na baridi

Juni na Julai, baridi inapobana Njombe na Makete, ujumbe uleule huzunguka kwenye magrupu: dereva wa trekta lisilo na kebini anywe pombe kali kidogo, mwili upate moto. Si kweli. Pombe hutanua mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi. Ngozi inapata joto, ndiyo maana wengi wanaamini, lakini joto hilo limetoka ndani ya mwili, na upepo unalichukua. Hata kutetemeka, kinga yetu ya asili, hupungua. Na huyo ameshika usukani! Muulize mhudumu wa afya yeyote: joto la mwili likishuka chini ya nyuzi 35 ni hatari. Koti la kuzuia upepo, glavu na soksi kavu vinasaidia kweli. Ukiupokea ujumbe huo, tafadhali usiusambaze.