Utafiti Ukirudiwa Ukagoma: Dhana Potofu na Ukweli

Agosti 2015 jarida la Science lilichapisha kazi ya watafiti wapatao 270 walioongozwa na Brian Nosek, mwanasaikolojia ya jamii wa Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani. Walichukua tafiti 100 za saikolojia zilizotoka mwaka 2008 katika majarida matatu yenye hadhi, wakazirudia. Mara ya kwanza, asilimia 97 ya tafiti hizo zilikuwa zimepata matokeo yenye uzito wa kitakwimu, yaani yasiyoelekea kuwa ya bahati tupu. Ziliporudiwa, zilizopata zilikuwa asilimia 36 tu. Tangu hapo namba hiyo ya 36 imetembea kuliko utafiti wenyewe, na kila inapopita inaokota tafsiri mpya.

Dhana: Basi theluthi mbili ya saikolojia ni uongo

Hapana. Matokeo yasipotokea mara ya pili, huenda ya kwanza yalikuwa ya kubahatisha. Huenda pia ya pili ndiyo yaliyoteleza, au washiriki na mazingira yalitofautiana kwa namna ambayo hakuna aliyeitilia maanani. Jaribio moja halitoshi kusema ni lipi kati ya hayo. Lililo wazi zaidi kwenye ripoti ile ni kwamba ukubwa wa athari, kwa wastani, ulishuka hadi karibu nusu ya ule uliotangazwa mwanzo. Tena hali haikuwa moja kila mahali: saikolojia ya utambuzi, inayochunguza mambo kama kumbukumbu na fikra, ilifaulu karibu nusu ya tafiti zake, saikolojia ya jamii karibu robo.

Na yapo matokeo yasiyotikisika. Mwaka 2014 mradi mwingine uliomhusisha Nosek ulipima matokeo 13 katika makundi 36 ya washiriki, jumla ya watu 6,344, na 10 yakarudi vizuri. Mojawapo ni lile la namba ya kwanza kuvuta makadirio. Ukimwambia mtu kwamba Chicago ina zaidi ya watu 200,000, kisha umwombe akadirie idadi kamili, atataja namba ndogo kuliko aliyeambiwa kwamba haifiki milioni 5. Athari hiyo ilirudi kwa nguvu kuliko hata ilivyoripotiwa awali. Aliyewahi kununua kitenge Kariakoo hahitaji maabara kumweleza kwamba bei ya kwanza kutajwa huziburuta zote zinazofuata.

Dhana: Matokeo yasiporudi, mtafiti alipika data

Wapishi wapo, hilo halifichiki. Diederik Stapel wa Chuo Kikuu cha Tilburg, Uholanzi, aligunduliwa mwaka 2011 kwamba alikuwa akibuni data kutoka kichwani, na makala zake 58 zikafutwa. Lakini ukimtazama Stapel peke yake utakosa sehemu kubwa ya tatizo, kwa sababu mtu mwaminifu kabisa anaweza kufika palepale bila kusema uongo hata mmoja.

Mwaka huohuo wa 2011, watafiti Joseph Simmons, Leif Nelson na Uri Simonsohn walilionyesha hilo kwa kichekesho. Waliwasikilizisha wanafunzi wimbo unaozungumzia uzee, wengine wakasikilizishwa muziki mwingine, kisha wakatangaza kwamba wimbo ule uliwafanya wasikilizaji wawe na umri mdogo kwa karibu mwaka mmoja na nusu. Si kwamba walijihisi vijana: umri wenyewe, kwa tarehe ya kuzaliwa! Data ilikuwa halisi na hesabu zilikuwa sahihi. Ila walikuwa wamewauliza washiriki mambo mengi wakaripoti machache, walikuwa na wimbo wa tatu wakauacha kimya, na waliingiza umri wa baba wa mshiriki kwenye hesabu kwa kuwa ulileta jibu walilotaka. Kila hatua peke yake ilikuwa ya kawaida kwenye fani. Zilipojumlishwa, muujiza ukatokea.

Kisa kinachonivutia zaidi ni cha Nosek mwenyewe. Yeye na Matt Motyl, wakati huo mwanafunzi wa uzamivu, walitaka kujua kama watu wenye siasa kali, za kushoto au za kulia, huona dunia kwa weusi na weupe, na hapa walimaanisha kwa macho. Walionyesha watu 1,979 maneno yaliyoandikwa kwa viwango mbalimbali vya kijivu, wakawaomba wachague kiwango kinacholingana. Watu wa siasa za wastani walipatia vizuri kuliko wenye siasa kali. Thamani ya p ilikuwa .01, maana yake kama hakuna tofauti yoyote kati ya makundi, bahati tupu ingetoa tofauti kubwa hivyo mara 1 tu katika 100. Sampuli kubwa, wazo tamu, kichwa cha habari kimejiandika chenyewe. Kwa desturi za fani yao wakati ule, makala ilikuwa tayari kutumwa.

Badala ya kuituma walirudia kwanza, kwa watu 1,300. Safari hii thamani ya p ikawa .59. Hakuna kitu. Mwaka 2012 walichapisha kisa chote, na hoja yao haikuwa kwamba walidanganya hapo mwanzo. Walisema kwamba anayelipwa kwa kuchapisha, na ambaye majarida humtaka habari mpya na safi, atauona ushahidi kwa jicho la anayeutafuta. Naona maelezo hayo yanamtisha mtu kuliko kashfa yoyote, kwa sababu tapeli anaweza kufukuzwa kazi, lakini hamu ya kuona unachokitaka tunayo sote.

Dhana: Usajili wa awali humfunga mtafiti mikono

Kusajili ni kuandika swali, kipimo na mpango wa uchambuzi, na kuviweka mahali penye tarehe kabla ya kuiona data. Ukikutana na jambo usilolitarajia, hakuna anayekuzuia kulifuatilia. Unachotakiwa ni kusema kwamba hukulitabiri.

Majarida mengine yamekwenda mbali zaidi. Tangu 2013 jarida la Cortex, kwa msukumo wa mwanasaikolojia Chris Chambers, hukubali makala kwa kuangalia mpango tu, kabla ya matokeo kujulikana. Mwaka 2021 timu ya Anne Scheel ililinganisha makala za saikolojia za namna hiyo na za kawaida. Katika za kawaida, asilimia 96 zilidai kwamba nadharia tete ya kwanza, yaani utabiri unaopimwa, ilithibitika. Katika zilizokubaliwa mapema, asilimia 44. Mtabiri anayepatia mara 96 kwa 100 ana siri asiyokuambia.

Dhana: Ni ugonjwa wa saikolojia peke yake

Mwaka 2021 kituo alichokianzisha Nosek na mwenzake huko Charlottesville mwaka 2013, Center for Open Science, kilikamilisha mradi wa kurudia tafiti za maabara kuhusu saratani. Walipanga majaribio 193 wakaweza kukamilisha 50 tu, kwa sababu maelezo ya namna ya kuyafanya hayakutosha au vifaa na data havikupatikana. Wanasaikolojia walijichunguza mapema na hadharani, ndiyo maana wao ndio waliochekwa.

Dhana: Kuweka data wazi ni kujitafutia aibu

Hili lina mfano wa karibu. Wachumi Edward Miguel na Michael Kremer walichapisha mwaka 2004 utafiti wa dawa za minyoo katika shule 75 za Busia, magharibi mwa Kenya, wakidai kwamba dawa ziliboresha mahudhurio na kwamba manufaa yalivuka hadi shule jirani. Baadaye waliwapa wenzao wa London data na programu za hesabu. Mwaka 2015 kosa likatangazwa: hesabu ya shule jirani ilikuwa ikiishia kwenye 12 zilizo karibu zaidi. Lilipoondolewa, manufaa yaliyodaiwa kuvuka hadi shule za umbali wa kilomita 3 hadi 6 yaliyeyuka, lakini mahudhurio mazuri katika shule zilizopewa dawa yalibaki. Wataalamu walibishana vikali, na bado hawajakubaliana. Kremer alipata Nobel ya uchumi mwaka 2019, miaka minne baada ya kosa kujulikana.

Dhana: Wanaohubiri uwazi wenyewe hawatelezi

Novemba 2023 Nosek na wenzake walichapisha katika Nature Human Behaviour makala iliyodai kwamba matokeo mapya hurudi kwa kiwango cha juu iwapo watafiti watasajili mipango yao na kutumia sampuli kubwa. Septemba 2024 jarida liliifuta. Waandishi walikuwa wamesema kwamba uchambuzi wao wote ulisajiliwa kabla, na haikuwa hivyo. Miongoni mwa walioibua suala hilo ni watafiti Joseph Bak-Coleman na Berna Devezer, waliokwenda kusoma rekodi za mradi kwenye OSF, jukwaa la bure linaloendeshwa na kituo kilekile cha Nosek.