Je, wajua kwa nini kitabu cha Waamuzi kwenye Biblia kinamsema Sauli, mfalme wa kwanza wa Israeli, bila kumtaja jina?

Ukisoma Waamuzi 19 mpaka 21 harakaharaka unaona ni habari ya kutisha tu, Mlawi (mtu wa kabila la Lawi) na suria wake wanalala Gibea, mji wa kabila la Benyamini, wanaume wa mji wanambaka yule mwanamke usiku kucha mpaka anakufa, halafu makabila mengine ya Israeli yanawapiga vita Wabenyamini. Lakini hebu angalia majina ya miji, hapo ndo mwandishi kafanya kazi yake.

Safari inaanzia Bethlehemu, baba mkwe anamkirimu Mlawi kweli kweli, kula, kunywa, utaondoka kesho, mpaka siku ya tano jioni. Wakifika karibu na Yebusi, yaani Yerusalemu, mtumishi anasema tulale hapa, bwana wake anakataa kwa sababu ni mji wa wageni, bora Gibea kwa Waisraeli wenzetu. Gibea sasa wanakaa uwanjani hakuna anayewakaribisha, anayewachukua ni mzee wa Efraimu, naye si mwenyeji pale. Haya, Bethlehemu ni kwao nani? Daudi, aliyekuja kuwa mfalme baada ya Sauli. Yerusalemu ataiteka nani? Daudi huyohuyo. Na Gibea ni kwao Sauli, 1 Samweli 11 inaiita kabisa Gibea ya Sauli.

Na haiishii kwenye miji. Mlawi anakata maiti vipande 12 anavituma Israeli yote watu wakusanyike, na Sauli baadaye anakata ng'ombe vipande anavituma vilevile, ili akaokoe Yabesh-gileadi. Sasa ule mji uliogoma kuja kuwapiga Wabenyamini, kabila la Sauli, ulikuwa upi? Yabesh-gileadi! Aliyejua habari za Sauli angeyaunganisha haya bila kuambiwa, na wasomi wengi wa Biblia wanaona humu kuna siasa ya kuipendelea nyumba ya Daudi. Mwandishi hahubiri, anarudia tu mara nne, kuanzia sura ya 17 mpaka 21, kwamba siku hizo hapakuwa na mfalme Israeli, mengine anakuachia wewe, na kwangu ndo maana inaingia kirahisi kuliko hotuba. Ila Biblia yenyewe haina sauti moja kuhusu kuwa na mfalme, 1 Samweli 8 inaonya kwamba mfalme atachukua wana wenu, mabinti zenu na mashamba yenu.

Kinachoniuma mimi ni yule mwanamke, hana jina wala hasemi neno hata moja. Na hapo pia kuna ufundi: sura ya 19 tunaona Mlawi mwenyewe anamshika na kumtoa nje kwa wale wanaume, ila sura ya 20 akisimama mbele ya makabila anasema walitaka kuniua mimi, suria wangu wakamtenda nguvu akafa, ile sehemu ya kumtoa nje anairuka, na msimulizi hamsahihishi, sisi ndo tunajua. Israeli inaingia vitani kwa maneno hayo, na Benyamini wanabaki wanaume 600.