Tunda kwanza, rangi baadae

Jamani, juzi tena. Kijana mmoja anaejifunza tafsiri kaniambia, tena kwa uhakika, eti Waingereza waliliita tunda "orange" kwa sababu ya rangi yake. Nilikuwa nimeshika chungwa la Muheza, kijani kibichi, limeiva na tamu balaa, muuzaji kalimenya ganda likaning'inia kama utepe. Nikamwambia haya, nionyeshe hiyo rangi iko wapi. Kimya.

Ni kinyume chake bwana. Naranga ya Kisanskriti, narang ya Kiajemi, naranj ya Kiarabu (hili ni danzi, lile chungu, chungwa tamu wao wanaliita burtuqal, yaani Ureno), naranja ya Kihispania, Ufaransa, ndo likafika Uingereza. Rangi kuitwa hivyo ni karne ya 16. Zamani walisema geoluread, manjano-nyekundu, au nyekundu tu yakaisha. Ndo maana yule ndege wao robin, kifua rangi ya chungwa kabisa, jina lake la zamani ni kifua-chekundu.

Sasa wanaonichosha zaidi ni waliosoma nusu. Watakwambia Waingereza walisema "a norange", n ikahamia kwenye "a" ikawa "an orange". Hapana! Hayo yametokea kwa apron, zamani napron, na adder yule nyoka, zamani naddre, lakini orange iliingia Uingereza imeshakatwa kichwa. N ilimezwa huko huko kwa Wafaransa na Waitaliano, maana kile kijineno "a" cha Waingereza, wao wanasema une na una, ukitamka harakaharaka n mbili zinakuwa moja, we jaribu mwenyewe. Na ile o ya mwanzo inasemekana imevutwa na or, dhahabu kwa Kifaransa. Vitabu vinaiandika kama amri, mimi bado nasitasita, hadithi imenoga mno.

Ukoo wa kifalme wa Orange wa Uholanzi umetokana na mji wa Ufaransa ulioitwa Arausio enzi za Warumi, tunda halihusiki, tusonge.

Na sisi tunashangaa nini? Manjano ni bizari, zambarau tunda, kahawia kahawa, kijivu jivu la jikoni. Hatujawahi kusema kahawa imeitwa hivyo kwa sababu ni ya kahawia.

Kijana akauliza, na pink je? Nikamwambia ni jina la ua, amalize chungwa kwanza.