Bangi kwa Wanafunzi: Tuanze na Wale Ambao Hakuna Anayewajua

Wazazi wanaotuletea vijana wao kwa ushauri huuliza kwanza, "Nani kamfundisha?" Mimi huwauliza: pale shuleni, nani anamjua?

Mwaka 1997 watafiti wa Marekani, akiwemo Michael Resnick, walitoa matokeo ya utafiti mkubwa wa vijana wa sekondari. Waliojiona ni wa shule yao, wakaamini walimu wanawatendea haki, walitumia bangi kidogo kuliko wenzao. Ukaribu na wazazi nao ulikuwa kinga. Bangi na kujitenga huchocheana: bangi hudhoofisha kumbukumbu na umakini katika ubongo ambao bado unakua hadi baada ya miaka 20, alama zinashuka, utoro unaanza, na kijana anazidi kujitenga.

Mtazame aliyehamia Kidato cha Pili katikati ya muhula. Hana timu wala klabu. Wakati wa mapumziko anazunguka zunguka ili asionekane kuwa yuko peke yake. Akikosa siku tatu hakuna anayeuliza. Lakini kijiwe cha nyuma ya ukuta kimeshampa jina la utani, na asipofika wanamtafuta.

Ndiyo maana naumia sana mwanafunzi akifukuzwa kwa kukutwa na msokoto mara ya kwanza. Tumemkabidhi kijiweni kutwa nzima. Anayewauzia wenzake, hilo ni suala la vyombo vya dola. Huyu aliyevuta aadhibiwe, ndiyo, ila abaki shuleni, aitwe na mzazi wake kwa mwalimu wa malezi na unasihi, kisha apangiwe kazi inayomfanya ahitajike: kutunza mipira, kufungua maktaba, kusimamia bustani. Afuatiliwe muhula mzima. Kikao kimoja cha kugombezwa hakijawahi kumtoa mtu kwenye bangi.

Mwalimu mwenye darasa la wanafunzi 80 atasema haiwezekani, na namwelewa. Basi achukue daftari la mahudhurio, aweke alama kwenye kila jina ambalo sura yake haimjii. Majina hayo wagawane walimu, kila mmoja awe na wachache wa kuwasalimia kwa jina na kuwaulizia wasipofika, na nyumbani wapigiwe simu siku hiyohiyo.

Mzazi unayehisi mwanao ameshaanza, zungumza naye akiwa hajavuta, na umsikilize kabla ya kukaripia. Kwa Tanzania, Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya inapokea simu bure kwa namba 119.