Glavu hazichukui nafasi ya kunawa mikono

Katika nyumba za kutunzia wazee, usafi wa mikono ni suala la wakati kuliko idadi. Mhudumu anaweza kunawa kutwa nzima na bado akahamisha vijidudu kutoka kitanda hadi kitanda. Shirika la Afya Duniani limetaja nyakati tano: kabla ya kumgusa mzee, kabla ya kazi inayotaka usafi wa hali ya juu kama kufunga kidonda, baada ya kugusa majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mzee, na baada ya kugusa vitu vilivyomzunguka, hata kama yeye hukumgusa.

Mara nyingi sanitaiza yenye alkoholi inatosha, ukiisugua sekunde 20 hadi 30 mpaka ikauke. Mikono ikiwa na uchafu unaoonekana, au mzee akiwa anaharisha, nenda kwenye sabuni na maji. Bakteria aitwaye Clostridioides difficile, anayeweza kuwa ndiye chanzo cha kuharisha huko, hutoa mbegu (spora) ambazo alkoholi haiziui. Huondoka kwa kusuguliwa na kusuuzwa.

Glavu ni kinga ya kazi moja kwa mtu mmoja. Zivae unapotarajia damu, mkojo, kinyesi, kidonda au mate. Tatizo kubwa huanza kazi ikiisha: mhudumu ametoka kubadilisha pampasi, na kwa glavu zilezile anavuta shuka, anasogeza kikombe cha maji, anashika kitasa. Glavu iliyochafuka hueneza vijidudu sawasawa na ngozi, tena aliyeivaa hasikii unyevu wa kumkumbusha. Hata kwa mzee yuleyule, ukimaliza kumsafisha haja kubwa, vua, takasa mikono, vaa nyingine ndipo uguse mpira wa mkojo. Usizipake sanitaiza ili uendelee nazo. Ukishazivua, takasa mikono pia, maana glavu huweza kuwa na vitundu visivyoonekana, na wakati wa kuvua mikono huchafuka kwa urahisi.

Wazee hawa hukaa humo miaka, hula pamoja, na baadhi yao wana bakteria sugu kwa dawa kwenye ngozi bila kuugua. Ndiyo maana Marekani, ambako Waswahili wengi wanafanya kazi hii, tangu Aprili 2024 nyumba hizi zinatakiwa kuwavisha wahudumu gauni la kujikinga na glavu wanapomwogesha, kumvisha au kumhamisha kitandani mzee mwenye kidonda sugu au mpira mwilini, hata asipoonyesha dalili yoyote. Vyote huvuliwa kabla ya kwenda kwa mzee mwingine.

Lakini kumlisha, kumchana nywele, kusukuma kiti chake cha magurudumu au kumshika mkono anapolia hakuhitaji glavu kwa kawaida. Mikono iliyotakaswa inatosha, na naona ni haki yake kuguswa na ngozi ya binadamu mwenzake.