Je, wajua kwa nini mnyanya wa kivulini hurefuka lakini hauzai?

Nyuma ya nyumba tunayoishi Ipagala, hapa Dodoma, kuna mwarobaini mkubwa. Chini yake niliwahi kupanda miche sita ya Tanya, mbegu ya nyanya ambayo mmea wake hujulikana kwa ufupi. Ya kwangu ilipita kiuno, shina jembamba kama mrija, majani yameachana. Nilivuna tunda moja, dogo kama gololi. Jirani akasema mbolea haitoshi. Nikaongeza samadi, majani yakazidi, maua yakaendelea kupukutika.

Tatizo lilikuwa mwanga, na si uchache wake tu. Jani la mti hula zaidi mwanga mwekundu na wa bluu. Ule wekundu wa mwisho kabisa, ambao macho yetu yanauona kwa shida, huachwa upite. Kwa hiyo mwanga unaofika chini ya mwarobaini ni makombo. Mnyanya una protini iitwayo faitokromu inayopima uwiano wa hizo nyekundu mbili. Ile ya kawaida ikipungua, mmea unaelewa kuwa kuna mwingine juu yake, basi unaanza kukimbilia juu. Sukari kidogo iliyopo inaishia kwenye shina, na maua yanakosa chakula. Hapo hujahesabu mizizi ya mwarobaini inayogombea maji uliyobeba kwa ndoo.

Kivuli cha ukuta ni afadhali. Ukuta hauchuji mwanga kama jani, unauziba tu, na kivuli chake kinahama. Dodoma ipo kama nyuzi 6 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la saa sita na nusu mchana halikai upande mmoja mwaka mzima. Mwezi Juni liko kaskazini, na ukuta wa mita 2 unatupa kivuli cha zaidi kidogo ya mita 1 upande wa kusini. Desemba mambo yanageuka: kivuli kinalala kaskazini, kama sentimita 60. Anayepanda nyanya za kumwagilia wakati wa kiangazi, Mei au Juni, aziweke upande wa kaskazini wa ukuta. Mimi nilikaa miaka miwili nikiamini uwanja wangu wote ni kivuli.

Kupima ni rahisi. Siku ukiwa nyumbani, toka kila saa kuanzia asubuhi, mwaga majivu kufuata ukingo wa kivuli. Sehemu inayopata jua la moja kwa moja kwa muda wa saa 6 hadi 8 kwa siku inafaa nyanya yoyote. Ikipata jua kwa muda wa saa 4 au 5 tu, jaribu zile nyanya ndogo ndogo za vichala, maana tunda dogo halidai sukari nyingi. Chini ya hapo panda chainizi au spinachi. Huko unakula jani, na jani linavumilia.

Kama jua ni la nusu siku tu, la asubuhi ndilo bora. Linakausha umande mapema, na majani yanayokaa na unyevu ndiyo yanayoalika bakajani, ule ugonjwa wa mabaka kwenye majani. Kivuli cha alasiri hata kinasaidia Oktoba na Novemba, kwa sababu joto likizidi nyuzi 32 hivi maua mengi hushindwa kushika.

Uwanja uliozungukwa na ukuta una shida nyingine: upepo haufiki. Ua la mnyanya hujichavusha lenyewe, ila linataka kutikiswa ili chavua idondoke. Gonga shina kwa kidole mchana, jua likiwa limewaka.

Jambo moja tu halihitaji jua, nalo ni kuiva. Wekundu wa nyanya unaletwa na joto la wastani, nyuzi 20 hadi 25, si mwanga. Kwa hiyo usinyonyoe majani ili tunda "lipate jua"; litaungua ngozi. Likianza kubadilika rangi, lichume, liweke jikoni kwenye ungo. Litaivia humo humo.