Mkojo uleule, mapafu tofauti

Nikiletewa majibu ya mkojo wa saa 24 yanayoonyesha mikrogramu 0.1 ya urani, metali yenye mionzi, nami huuliza: alivuta vumbi gani, na lini? Aliyeniletea hukunja uso. Alikuja kutafuta jibu, anapewa swali.

Vumbi likivutwa, chembe kubwa hunasa puani na kwenye njia za hewa. Ute huzipandisha hadi kooni, zikamezwa. Utumbo hauipendi urani: asilimia 2 tu au chini ya hapo hupenya kuingia damuni, nyingine hutoka kwa haja kubwa. Zilizofika kwenye vifuko vya hewa ndizo zinazonikosesha usingizi.

Modeli ninayotumia kukadiria, kutoka kwenye mkojo, urani iliyobaki mapafuni ni kama mitungi inayovuja, mmoja ukimwagia mwingine: mapafu, damu, figo, mifupa, ini. Milinganyo yake si migumu. Kazi iko kwenye upana wa matundu. Mwaka 1994 Tume ya Kimataifa ya Kinga dhidi ya Mionzi, ICRP, ilitoa modeli ya mapafu yenye makundi matatu: vumbi linalomumunyika haraka, la wastani na la polepole. Siku za mwanzo zikishapita, lile la wastani huingia damuni kwa sehemu 5 katika 1,000 kila siku. La polepole, sehemu 1 katika 10,000. Urani iliyoingia damuni haikawii: kama theluthi mbili hutoka kwa mkojo ndani ya siku moja. Masalia hukaa figoni kwa muda, au hushika mfupa mahali pa kalsiamu.

Sasa rudi kwenye ile 0.1. Kama vumbi ni la wastani, mapafuni mna takriban mikrogramu 20. Kama ni la polepole, mna karibu miligramu nzima. Mara 50, kwa mkojo uleule! Tena kiasi kidogo hivyo kinaweza kuchanganyika na urani ya chakula na maji ya kunywa, ambayo sote tunayo.

Vumbi la haraka lina shida nyingine. Huko Gore, Oklahoma, tarehe 4 Januari 1986, silinda ya heksafloridi ya urani (mchanganyiko wa urani na florini unaogeuka gesi ukipashwa moto) iliyojazwa kupita kiasi ilipashwa moto ikapasuka. Mfanyakazi mmoja alifariki, naye aliuawa na asidi iliyozaliwa gesi ilipokutana na unyevu, si mionzi. Kwa walionusurika wa ajali kama hiyo, hofu ni figo, na chupa ya mkojo ya siku ya kwanza ina thamani kuliko kumi za mwezi unaofuata.

Wanaoniuliza kuhusu mradi wa urani wa Mto Mkuju, kule Namtumbo, Tanzania, hutaka kujua keki ya njano, yaani unga wa urani iliyotenganishwa na mawe yake, iko kundi gani. Inategemea tanuri. Iliyokaushwa kwa joto la chini humumunyika upesi. Iliyochomwa sana ikawa oksidi ni sugu. Kwa hiyo, kabla ya mkojo, naomba kijiko cha vumbi lenyewe. Nalitia kwenye maji yaliyotengenezwa yafanane na majimaji ya mapafu, halafu nahesabu siku.